Vyumba Sita

Siku Felista alipopitisha gunia lake la alizeti mbele ya mlango wangu na kulipeleka mashine ya pili, ndipo nilipojua kuwa mambo yameharibika. Felista si mteja tu. Felista ndiye aliyenishika mkono siku namzika mume wangu. Alikuwa anasukuma baiskeli, gunia limefungwa kwa mpira, macho ameyakaza barabarani kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, akasimama.

"Nimekusikia, Asnath. Leo nakamua kule."

"Kule foleni ni ndefu."

"Ndefu, lakini watu wa kule midomo yao imefungwa."

Akaondoka. Nikarudi ndani kuzima mashine, maana hakukuwa na gunia la kufuata. Saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, alizeti imejaa Nduguti nzima, na benchi langu lilikuwa na mtu mmoja: Mzee Sostenes. Naye kwao ni nyuma ya ukuta wangu tu, hana pengine pa kunywea chai.

Nijieleze kidogo. Mashine ya kukamua mafuta ni ya kaka yangu Manase, anayekaa Singida mjini. Mimi ndiye ninayepanga magunia, ninayewasha na kuzima, ninayejua mashudu yanayobaki baada ya kukamua ni ya nani. Watu wananiita Mama Mashine. Sijidanganyi kwamba wanakuja kwangu kwa sababu chuma changu kinakamua kuliko cha mwingine. Wanakuja kwa sababu ukikaa kwenye benchi langu saa moja, unaondoka unajua nani amechumbiwa, nani kagombana na mwenyekiti, na kwa nini mbuzi wa jirani yako amekonda. Napenda watu. Wanangu wawili walipokwenda kutafuta maisha, mmoja Arusha, mmoja Mwanza, benchi lile ndilo lililonilea. Jioni mashine ikizimwa huwa natunga sababu mtu akae kidogo: chai bado ipo, subiri mafuta yatulie, mwache huyo ng'ombe apite kwanza.

Na Manase alishaniambia, msimu huu magunia yakipungua, mashine anaihamisha. Benchi nalo litakwenda na mashine.

Kilichoniharibia ni ubao.

Ubao ni kazi ya Fundi Gervas, mchora vibao. Ukiona kibao chochote kwenye ofisi mpya za serikali hapa kwetu, nusu ni mkono wake. Msimu wa juzi umeme ulikuwa unakatika kila siku, foleni inalala, watu wakaanza kushikana mashati kwa ajili ya zamu. Gervas akaja na kipande cha plaiwudi, akakipaka rangi nyeusi, akachora miraba kwa rangi nyeupe, akakipigilia ukutani kwangu. Miraba ile tukaiita vyumba, kwa kuwa kila herufi inalala peke yake. Kila Jumamosi anabandika karatasi ya manila yenye maswali ya chemshabongo, mengine ya kulala, mengine ya kusimama, na vyumba visivyotakiwa anaviziba kwa chaki nyekundu. Watu wanajaza wiki nzima. Sheria yake ilikuwa moja: neno likishaandikwa, halifutwi mpaka yeye mwenyewe aje Ijumaa na kitambaa kibichi. Huwa anasimama pale muda mrefu kabla ya kufuta, ana daftari dogo, anaandika. Mimi nikidhani anatoa maksi.

Na tulicheka. Mzee Sostenes, karani wa zamani wa ushirika, ndiye msomaji wetu. Anavaa miwani, anasafisha koo kana kwamba ni taarifa ya habari.

"Anabeba nyumba yake na hajawahi kulipa kodi ya pango. Vyumba vinne."

"Konokono," Ezekieli anasema. Ezekieli ni mfuga kuku, domo lake halina breki.

"Konokono umlaze wapi kwenye vyumba vinne? Atatoa kichwa dirishani."

"Basi kobe."

"Kobe. Kaandike. Na uandike kwa utulivu, si kama unamfukuza."

Au: "Hukatwa bila kisu. Vyumba sita." Hapo kulikuwa na vita. Mmoja anataka shauri, mwingine anataka tiketi, wa tatu anataka tamaa, anaambiwa ahesabu vidole vyake kwanza. Watu wasiokuwa hata na gunia walikuwa wanakuja kukaa. Chai niliyokuwa napika sufuria moja ikawa mbili.

Halafu ubao ukaanza kutusema.

Wa kwanza alikuwa Happiness, binti wa masjala pale halmashauri. Swali lilikuwa hivi: "Mtumishi akiupata, anafunga mizigo. Vyumba vinane." Ezekieli akaandika UHAMISHO huku akiimba. Mchana bosi wa Happiness alikuja kuangalia gunia lake, akausoma ubao, akamgeukia binti wa watu: "Kwani ofisini kwangu kuna anayehama?" Kwa bahati mbaya, wa kuhama alikuwepo. Happiness alikuwa ameomba uhamisho wa kwenda Dodoma kimyakimya, na mtu pekee aliyemwambia hapa Nduguti ni mimi. Aliniangalia. Wiki iliyofuata hakuja.

Wa pili akawa Ezekieli mwenyewe. "Iko Sekenke, haiko mfukoni mwako. Vyumba saba." Watu wakacheka, wakaandika DHAHABU. Mke wa Ezekieli hakucheka. Kwa miezi mitatu mumewe alikuwa akimuaga kuwa anapeleka kuku mnadani, anarudi na vumbi jekundu masikioni. Alikuwa anachekecha mchanga kwenye mashimo ya zamani kule Sekenke. Mimi nilijua, maana aliniomba nimhifadhie sururu.

"Mama Mashine," akaniambia siku ya pili, akijaribu kutabasamu, "redio yako siku hizi inashika mpaka nyumbani kwangu."

"Sijasema kitu, Ezekieli."

"Redio nayo haikumbuki ilichotangaza."

Ya tatu ikawa ya Felista. Mzee Sostenes aliisoma kwa sauti, masikini, hakujua anashika nini: "Ndoa ikifika hapa, reli imeisha. Vyumba sita." Palikuwa na watu kama kumi na tano, Felista mmoja wao. Mwanamke mmoja akaandika TALAKA. Na aliyekuwa amesimama mlangoni na dumu mkononi ni Ignas, mume wa Felista, ambaye wiki ileile alikuwa amekwenda baraza la kata kusema hamtaki tena mke wake. Felista alikuwa ameniambia mimi peke yangu, amekaa jikoni kwangu, analia bila sauti. Ignas aliusoma ubao, akamtazama Felista, akatazama umati. "Kwa hiyo mmeshaniweka ukutani," akasema, akaondoka.

Ndipo Felista akaenda kukamua kule.

Sasa niseme kweli. Nilipobaki na benchi tupu, nilijihoji kama polisi. Ya Happiness nilimdokeza mtu mmoja, nusu tu, bila jina. Ya Ezekieli nilicheka mbele ya watu, lakini sikusema nacheka nini. Ya Felista sikuiambia hata foronya yangu. Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Mtu anasikia kwangu, anampelekea Gervas, na Gervas anatutungia maswali. Au Gervas mwenyewe ana sikio ukutani.

Nikaanza kuwatazama watu. Ukishaanza kuwatazama watu namna hiyo, kila mmoja anakuwa na kosa. Mzee Sostenes: kwa nini anakuja kabla hata mkaa haujashika? Kwa nini huwa anakohoa nikifika kwenye sehemu tamu ya habari? Tena ukuta wake na jiko langu ni kitu kimoja. Gervas naye, mtu mzima, hana mke, haongei, anakunywa chai akiwa amesimama, anasikiliza kila kitu kwa kichwa kilichoinama. Mtu asiyependa umbea anafuata nini kwenye benchi langu?

Nikatega. Asubuhi moja nilimpa Mzee Sostenes kikombe chake, nikavuta stuli.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama."

"Nina jambo. Ni la kwako na mimi tu. Manase anahamisha mashine Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Gari la kuibeba limeshapatikana."

Gari lilikuwa uongo. Mzee aliweka kikombe chini, akavua miwani, akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Pole," akasema. Basi. Nikamwandikia alama ya kuulizia moyoni.

Jumamosi ile Gervas alibandika karatasi mpya, nikaisoma kabla ya mtu yeyote, kidole juu ya kila mstari. Hakuna mashine, hakuna gari, hakuna kuhama. Nikaanza kumsafisha mzee. Kisha nikafika namba tisa ya kulala, kidole kikasimama.

"Nyumba ikijaa, husimama nje ya mlango ukisubiri. Vyumba sita."

Nilijua jibu kabla sijahesabu. UPWEKE. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Si Felista, si wanangu kwenye simu, si mchungaji. Hakuna mtu Nduguti anayejua kuwa jioni huwa naacha taa ya mashine inawaka wakati hakuna kazi, ili nje paonekane kama kuna watu. Mimi, ninayejua ya wote, nilikuwa na moja yangu, na sasa ilikuwa imebandikwa ukutani kwa maandishi mazuri ya kalamu nene.

Ukuta una masikio, hiyo ningeielewa. Lakini hili halijawahi kutoka mdomoni mwangu likapita karibu na ukuta wowote.

Nikakaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Vyumba sita. Nikaanza kukumbuka chaki mkononi. Mwezi uliopita, watu wamejaa, Mzee Sostenes anasoma: "Huja nyumbani watu wakishaondoka. Vyumba sita." Nilikimbilia ubaoni kabla ya wengine, nikaandika UPWEKE, haraka, kama mtu anayejibu jina lake. Wakanicheka, wakasema mama wewe upweke utaujulia wapi. Ijumaa Gervas akafuta, akaweka UKIMYA. Nami nikasahau.

Nilimfuata karakana kwake asubuhi ileile. Alikuwa anapaka kibao cha muuza kuku wa kienyeji, yuko kwenye K ya pili.

"Naomba lile daftari."

Hakuuliza lipi. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akanipa, akaendelea na K. Ndani, kila ukurasa ulikuwa na namba juu: vyumba vinne, vyumba vitano, vyumba sita. Chini yake maneno. Sita: SHAURI, TALAKA, UPWEKE. Saba: DHAHABU. Nane: UHAMISHO. Yaliyotumika yamewekewa mkwaju mdogo.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye ubao wako."

"Nani kakupa?"

"Mmeandika wenyewe." Aliinua brashi. "Kutunga si sawa na kujaza, Mama Mashine. Nikitafuta neno la vyumba sita linaloanza na U, naweza kukaa hapa mpaka rangi ikauke kwenye kopo. Ninyi mnaniletea yakiwa yameshapimwa. Neno limekosewa, sawa, lakini limeenea vyumba vyake, herufi hazijabaki nje. Nitalitupaje? Nalilaza wiki tatu, nne, mpaka mmelisahau. Halafu nalitafutia swali lake."

Nikayakumbuka maswali ya zamani, nikaona yote kwa mara moja. "Ukipewa, unaondoka. Vyumba sita." Jibu lilikuwa LIKIZO. Felista aliandika TALAKA na watu wakamwambia anawaza makubwa. "Iko ardhini, ukiichimba unakula na wanao. Vyumba saba." Ilikuwa KARANGA. Ezekieli akaweka DHAHABU. "Mtumishi huungoja akitazama kalenda. Vyumba vinane." MSHAHARA, kila mtu anajua mshahara, lakini Happiness alichukua chaki akaandika UHAMISHO. Mtu akipewa vyumba vitupu, anaweka ndani anacholala nacho.

"Unajua nani aliandika lipi?" nikamuuliza.

Gervas alichovya brashi, akaifuta ukingoni mwa kopo, akaichovya tena.

"Mimi ni mtu wa herufi. Najua mkono wa kila mtu hapa Nduguti."

"Kwa hiyo unajua."

"Nikitazama neno naona neno. Mengine ni yenu."

Sikumwamini. Mpaka leo sijaamini yote. Mtu anayejua kuwa K ya fulani ina mguu mrefu hawezi kunidanganya kuwa haoni mguu ni wa nani. Lakini sikuwa na muda wa kumchambua. Nilikuwa nimeshashika dawa yangu mkononi, lile daftari, nikaondoka nalo, nusu natembea nusu nakimbia.

Njiani nikapunguza mwendo. Nikifika nikasema, jamani si mimi, Felista ndiye aliyeandika TALAKA kwa mkono wake, Ezekieli ndiye mwenye DHAHABU, nitakuwa nimefanya nini? Nitakuwa nimefanya lilelile wanalonituhumu, safari hii nikiwa na ushahidi wa maandishi. Nikalirudisha daftari kwa mwenyewe. Alilipokea bila kuuliza.

Nilipofika, Felista alikuwepo. Hakuja kukaa. Alikuja kuchukua madumu yake mawili yaliyobaki kwangu tangu msimu uliopita. Mtu akija kuchukua madumu, amemaliza. Ezekieli naye alikuwa anaburuta gunia lake kutoka kwenye foleni, kulipeleka kule. Mzee Sostenes yuko mahali pake, na wateja wengine wawili watatu wa vijiji vya mbali wasiojua ugomvi wetu.

"Mzee wangu," nikasema, "nisomee namba tisa ya kulala."

Akavaa miwani. "Nyumba ikijaa, husimama nje ya mlango ukisubiri. Vyumba sita."

Nikachukua chaki, nikaandika, herufi moja chumba kimoja. W ikatoka kama miguu ya kuku.

"Upweke," Mzee akasoma. "Linaenea."

"Mwezi jana, kwenye lile swali la watu wakishaondoka, nani aliandika neno hili?"

"Wewe," akasema Ezekieli. "Tulikucheka."

"Na nani hapa niliwahi kumwambia kuwa nikifunga mashine huwa naogopa kwenda nyumbani?"

Mteja mmoja wa wale wa mbali aliacha kutafuna muwa.

"Hakuna. Felista, wewe nimekuambia?"

Felista alikuwa ameinama kwenye madumu. "Hujaniambia," akasema taratibu.

"Basi tazameni ubao umenijuaje. Fundi anachukua maneno tunayokosea. Yanaenea vyumba, anayaona ni mali, anayalaza, halafu anayarudisha na swali jipya. Hili langu nimelitaja kwa sababu ni langu. Ya wengine siyajui. Kila mtu akumbuke chaki yake."

Hiyo ya siyajui ilikuwa uongo, wa pili wiki ile, lakini sikuusikitikia.

Ezekieli alisimama na kona ya gunia mkononi, midomo inahesabu. "Karanga," akasema. "Jibu lilikuwa karanga." Akatazama juu, akatazama chini. Kisha akalirudisha gunia kwenye foleni, akalipiga kofi kama mtoto mtundu, akaenda kusimama nje.

Felista alikuwa anatazama mkono wake wa kulia.

"Ukipewa, unaondoka," akanong'ona, mimi tu nikasikia. Akayaweka madumu chini. Akakaa kwenye benchi, pale pale pake, karibu na nguzo. "Taa ile ya usiku," akasema, "mimi nilidhani unakamua."

"Nakamua nini usiku, mwenzangu?"

"Ungeniita."

"Na wewe ungeniuliza kabla ya kupeleka gunia kule."

Akanyoosha mkono. "Chai bado ipo?"

Wiki ile magunia yalirudi, moja moja. Happiness alikuja mwisho, baada ya Felista kumpelekea habari, na safari hiyo umbea wa mtu mwingine ulinifaa. Mzee Sostenes aliniuliza kwa sauti ya chini kama gari la Manase bado linakuja, maana tangu nimwambie alikuwa hajalala vizuri na hajamwambia mtu. Nikaona aibu mpaka kwenye kisigino. Nikampa mandazi mawili bure.

Lakini benchi si lilelile. Limejaa, ndiyo, wengine wanakaa juu ya magunia. Ila chaki sasa hakuna anayeikimbilia. Swali likisomwa, watu wanatazamana, kila mmoja analimung'unya neno lake mdomoni kwanza, analigeuza, analinusa. Wengine wanamnong'oneza Mzee Sostenes ili aandike kwa mkono wake. Fundi Gervas analalamika kuwa daftari limekauka, na maswali yake yamekuwa ya mito na miji mikuu ya nchi za watu.

Limekauka kwa sababu nyingine pia. Siku hizi Ijumaa asubuhi, kabla hajaja na kitambaa chake, natangulia mimi na changu. Ijumaa iliyopita palikuwa na swali, "Ikishapandwa, unahesabu miezi. Vyumba vitano." Jibu ni MBEGU. Mtu alikuwa ameandika MIMBA, kwa mwandiko wa duara ninaouona kila wiki kwenye gunia fulani, na mwenye gunia hilo hajaolewa. Sijamwambia mtu, hata Felista. Nimewaambia ninyi tu, na jina sijataja. Mimi huwa nasoma kwanza, halafu nafuta.